Kulalia Chumba

Kabla hujamtandikia mtu kitanda, kilalie kwanza. Nimeanza na hilo kwa sababu nawajua ninyi vijana, mkisoma hamfiki mwisho. Ukiishia hapa, hilo moja linakutosha. Mliobaki, karibuni.

Mimi ni Somoe, wa Chuno hapa Mtwara mjini, na kazi yangu maisha yote imekuwa vitanda vya watu. Nimestaafu juzijuzi tu, magoti yalipoanza kunijibu jeuri. Nilifanya kazi kwenye ile hoteli ya kale iliyo ufukweni. Ina jina lake la kizungu kwenye kibao cha barabarani, ila sisi wenyeji tunaiita Jumba, na ukisema Jumba hata muuza korosho wa stendi anakuelekeza.

Sasa sikilizeni. Nimeingia na kutoka Jumba tangu nikiwa mwembamba mpaka nikawa hivi mnavyoniona, na sijawahi kulizoea. Haki ya Mungu, sijawahi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirishani mtoto analala na kujigeuza. Boriti za juu ni nyeusi, zimenyooka, na hakuna anayejua zilipandishwaje. Asubuhi ukifungua milango ya ghorofani, bahari yote inaingia chumbani, na mwanga wake unachezacheza darini. Kila siku nilisimama kidogo na ndoo yangu mkononi, nikasema, subhanallah, binadamu walijenga hiki. Halafu nikaendelea na deki.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Bi Hadija, mkuu wa vyumba. Mwanamke mwembamba, mtu wa Mikindani, mswaki wa mti mdomoni saa zote, na macho yake yalikuwa yanaona vumbi kabla halijatua. Yeye ndiye aliyekuwa na desturi ya kulalia chumba. Kila mhudumu mpya alipewa chumba kimoja akilalie kama mgeni, asubuhi aje aseme chumba kimemwambia nini. Kitanda kinalia upande gani. Upepo unaingia wapi. Taa inakupiga machoni au haikupigi. Usiposema kitu cha maana, unarudi kwenu.

Mimi nikapewa chumba cha ghorofani, kile cha mwisho chenye roshani inayotazama bahari. Jamani! Kitanda kirefu hicho mpaka kina kingazi chake. Shuka nyeupe, imenyooshwa pasi, haina hata mkunjo mmoja. Nikasimama nikaitazama. Nikasema, Somoe mimi, mtoto wa mkulima wa Msimbati, nikiichafua shuka hii nitajibu nini? Nikatandika kanga yangu chini, nikalala sakafuni, joto lilipozidi nikahamia roshanini. Alfajiri nikaikunja, nikajinyoosha, nikakaa kitini kama bibi harusi.

Bi Hadija akaingia. "Haya, kitanda kinasemaje?"

"Kizuri sana, Bi Hadija. Laini."

Akaingiza mkono chini ya mto, akaupitisha mpaka miguuni. Akatoa mswaki mdomoni.

"Shuka baridi. Umelala chini wewe."

Nikajua kazi imekwisha kabla haijaanza. Akakaa kwenye kile kingazi, akanitazama, halafu akauliza, "Sawa. Basi sakafu imesemaje?"

Hapo sikudanganya. Nikamwambia sakafu haina baridi ya kuuma kama saruji. Nikamwambia chini ya mlango panapita upepo wenye mchanga, ndiyo maana zulia lao linachakaa upande mmoja. Nikamwambia uvunguni kuna foronya ya mtu, na pale roshanini kuna kibonde kidogo, ukilala mgongo wako unakijua.

"Utaanza leo," akasema. "Lakini kitanda utakilalia. Mtu anayeogopa shuka atamwogopa na mgeni, na mgeni akijua unamwogopa hana raha."

Hilo liwekeni moyoni. Ninyi wa siku hizi hamuogopi shuka, mnaogopa simu zenu zisiishe chaji.

Sasa niwape ya mikono, maana maneno matupu hayaondoi doa. Hoteli ya baharini adui yake ni chumvi. Inaingia kwenye kioo, kwenye kitasa, kwenye shuka iliyokauka jana. Shuka usiijaribu kwa kiganja, kiganja kinadanganya kwa sababu kina joto lake. Ijaribu kwa mgongo wa mkono, au iguse kwa shavu kama hakuna anayekuona. Kioo kifute kwa siki na gazeti. Lakini siki hiyo isidondoke sakafuni! Sakafu ya Jumba ghorofani ni ya chokaa iliyopigwa, na chokaa na siki hawakai nyumba moja, panachomeka hapo hapo. Mimi niliwahi kudondosha tone moja tu, Bi Hadija akanikimbiza mpaka jikoni na kandambili mkononi, wapishi wanapiga makofi.

Sakafu ile inasuguliwa kwa kumbi la nazi. Unapiga magoti, unaweka nta kidogo sana, unasugua kwa mzunguko, mraba kwa mraba, mpaka inang'aa kama ganda la yai. Nimeisugua sakafu hiyo maisha yangu yote. Na kile kibonde cha roshanini ndicho kilikuwa adui yangu binafsi. Ukishadeki, maji yote yanakauka, yeye anabaki na maji yake, kiduara kidogo kinakutazama. Lazima uiname na kitambaa ukaushe kwa mkono. Kila asubuhi nilikitukana. "Sijui mjinga gani alipiga sakafu hapa!" Wenzangu wakazoea, wakikuta sijakitukana wanauliza kama naumwa.

Siku za gesi zilipokuja, Jumba lilijaa. Mafundi wa mabomba, wahandisi wa visima vya Msimbati, wakaguzi wa kule mtambo wa Madimba, wote wanalala kwetu. Watu wazuri, ila mabuti yao! Nilisimama penye ngazi na ndoo kama askari wa forodha, hapandi mtu ghorofani na tope. Wakanizoea, wakawa wanavua wenyewe wakiniona kwa mbali. Kipindi hicho ndipo meneja mmoja alipoweka vigae ukumbi wote wa chini, vinateleza kama kambale, akasema atapandisha na juu. Bahati yetu akahamishwa. Meneja aliyemfuata akatuletea mtindo wa kukunja mataulo yawe bata bukini. Nilikunja, kazi ni kazi, lakini bata wangu wote walifanana na kuku wa kienyeji aliyenyeshewa. Mgeni mmoja akampiga picha, akaniambia amependa sana huyu tembo.

Nimewachekesha. Sasa niwaambie kilichonifanya nikae niandike.

Siku yangu ya kustaafu, meneja wa sasa, dada mmoja mpole kutoka bara, aliniita ofisini. "Mama Somoe, chagua mwenyewe. Saa ya ukutani, au ulale usiku mmoja chumba cha juu, mgeni kamili, wewe na mtu wako."

Saa za ukutani za wastaafu nazijua. Kila nyumba Chuno ina moja na zote zimesimama. Nikasema nataka chumba cha mwisho, chenye roshani, na mtu wangu ni mama yangu.

Mama yangu anaitwa Rosalina, Bibi Rosa, anaishi Msimbati. Ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, alivuka akiwa msichana wakati wa vita vya kule, akaolewa na baba yangu, akabaki. Chale zake usoni bado zinasomeka. Siku nilipopata kazi Jumba nilikwenda mbio kumwambia. Alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua kichwa. Akaniuliza swali moja tu: "Unapitia mlango gani?"

"Wa nyuma, wa jikoni. Wafanyakazi wote tunapita huko."

"Vizuri," akasema, akaendelea kumenya. Tangu siku ile hakuniuliza tena habari za Jumba. Mimi nikadhani ni dharau ya kazi ya kutandika. Iliniuma, sifichi.

Sasa nikaenda na habari ya zawadi. Akakataa.

"Nina kitanda changu."

"Mama, ni usiku mmoja. Chakula kipo, maji ya moto yapo."

"Maji ya moto hata mimi nachemsha."

Nikakasirika. Mnanijua, sina subira. "Mama, nimetandikia wake za watu, mama za watu, na watu wasiosema hata asante. Wewe sijawahi kukutandikia. Macho yako yanaondoka, miguu yako inaondoka, unataka nikutandikie lini? Kaburini?"

Neno baya lile kumwambia mzazi, lilinitoka. Nikalala palepale Msimbati kwa hasira. Asubuhi nikamkuta amechemsha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ameifunga na chumvi yake na pilipili kwenye kapu, eti hoteli wakisahau kutulisha. Viatu viko miguuni. Nikajua amekubali.

Tulifika Jumba mchana. Bodaboda akatushusha mbele kabisa, pale penye ule mlango mkubwa wa nakshi. Nikamshika mama mkono. Akanigeuza, akaanza kuzunguka nyumba kuelekea jikoni.

"Mama, huku. Leo sisi wageni."

"Mlango huo si wetu. Tulishaambiwa."

"Na nani?"

"Msimamizi."

"Msimamizi gani? Yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Sasa kama alikufa?"

"Amekufa yeye," mama akasema. "Neno lake hawakulizika."

Nikasimama na kapu la ming'oko juani. Nikamuuliza taratibu, msimamizi wa nini, mama? Hapo ndipo akaniambia, amesimama chini ya ukuta, mkono wake kwenye jiwe.

Walipovuka Ruvuma, yeye na mdogo wake Kristina, hawakuwa na mtu. Jumba lilikuwa gofu, sakafu ya juu imeanguka, likawa linatengenezwa lipokee tena wageni. Walitafutwa wanawake wa kupiga sakafu. Chokaa na kokoto za matumbawe zinamwagwa, wanawake wanapanga mstari na vipande vya mti, wanapiga kwa wimbo siku baada ya siku, hawaachi mpaka iwe jiwe. Wao wawili walipiga roshani. Ilipokwisha, siku ileile, msimamizi akawatoa kwa nyuma, akawaambia wageni wanakuja, mlango wa mbele si wenu, msionekane hapa tena. Baadaye vita vilipokwisha, Kristina akarudi ng'ambo kutafuta kwao. Hakuonekana tena. Hakuna kaburi, hakuna picha.

"Kitu chake kimoja kimebaki humo," mama akasema. "Lakini jirani yangu alikuja kutibiwa mjini, akasema Jumba lote siku hizi limewekwa tailizi. Nikasema basi. Nikienda nikakuta wamevunja, nitakuwa nimemkosa mara ya pili."

"Mama! Miaka yote hii niko humo ndani. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza," akasema, "ungenijibu."

Wanangu! Nilijua sakafu ya juu ipo. Lakini hicho kitu cha Kristina sikukijua, na kama kilikuwa ni kitu cha kushikika, basi mimi mwenyewe huenda nilikifagia nikakitupa. Nikamwambia tu, "Sakafu ya juu haijaguswa, mama. Twende ukaone." Akanitazama sana. Akaniambia twende, lakini tukapita jikoni. Nikamwachia. Wapishi wakamwamkia, akapita ameinamisha kichwa, tukapanda kwa ngazi ya watumishi.

Zuhura ndiye aliyekuwa ametuandalia chumba, binti niliyemfundisha mwenyewe. Ameweka maua ya mlangilangi, chandarua amekishusha vizuri, shuka imenyooka. Na bata bukini wake kweli alikuwa bata. Mama hakutazama kitanda. Alikaa kitini, mgongo kwa roshani, mikono mapajani. Nikamfungulia milango ya roshani, bahari ikaingia chumbani kama kawaida yake. Hakugeuka.

"Mama, hutoki ukaone?"

"Kesho. Kukiwa na mwanga mzuri."

Ilikuwa saa tisa na jua limejaa pomoni. Nikaelewa, sikumsukuma. Tukala chakula cha hoteli, tukala na ming'oko, na mapema nikampandisha kwenye kile kingazi, nikamfunika mwenyewe. Nilisema moyoni, haya, angalau hili nimelipata.

Niliamka alfajiri. Upande wake mtupu. Nikapitisha mkono chini ya mto mpaka miguuni, mazoea hayo. Baridi.

Mlango wa roshani ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala chini, ubavu, kanga tupu chini yake, shavu lake limegusa sakafu. Nikadhani nimemleta kufa. Kisha nikasikia anaimba. Kidogo kidogo, Kimakonde, na kiganja chake kinapiga sakafu, taratibu, pa, pa, pa, anapiga na kuacha, kama anamngojea mwenzake apige.

"Mama."

"Njoo uweke mkono," akasema.

Nikapiga magoti. Wanangu, magoti yangu yanaijua sakafu ile kuliko yanavyojua mkeka wa nyumbani. Akachukua mkono wangu, akauongoza. Ukatua kwenye kibonde. Kile kile, adui yangu.

"Hapa ndipo Kristina alipocheka," akasema. "Sote tunapiga, wimbo umekolea, yeye akacheka, akakosa kipigo, kipande chake kikazama. Hakuwahi kusawazisha. Chokaa ilikuwa imeshakaza. Tulisema watatuua, lakini hakuna aliyeona."

Nikauacha mkono wangu palepale. Kila asubuhi ya Mungu nilikuwa nimepiga magoti juu ya mikono ya mama yangu, nikimtukana mama yangu mdogo. Na huku nimemkausha kwa kitambaa, namsugua kwa kumbi la nazi, namng'arisha. Nililia kama mtoto, na mama akaniacha nilie, anapapasa kile kibonde kwa kidole kama mtu anayepapasa kichwa cha kichanga.

Mlango ukagongwa. Zuhura na chai. Akatuamkia, akaweka sinia, na mkono wake, nilimfundisha vizuri mimi, ukapita kitandani bila yeye kujua.

"Shuka baridi," akasema. "Bibi, umelala chini!"

"Nimelala kwangu," mama akamjibu.

Zuhura akaja roshanini na kikombe, chai ikamwagika kidogo, ikatiririka mpaka pale na kutulia kiduara. "Ah, hiki kibonde hiki! Samahani Bibi. Sijui mjinga gani..."

Nikamrukia. "Koma! Usiseme!"

Lakini mama alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona mama yangu anacheka vile, anashika ubavu, chale zote za uso zinacheza. "Ni mdogo wangu huyo mjinga," akamwambia. "Kausha polepole."

Zuhura maskini hakuelewa kitu, lakini alipiga magoti akakausha polepole. Kisha, kwa sababu ni binti wa kuuliza maswali, akauliza lile ambalo mimi sikuwa nimeliuliza. "Bibi, sasa alikuwa anacheka nini?"

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Msimamizi. Alikuja na ukali wake, akainama kukagua sakafu. Akaachia ushuzi mrefu huo, mbele ya wanawake wote. Sisi tukabana kicheko. Kristina akashindwa."

Tulicheka mpaka wapishi wakasikia kule chini. Na mama, katikati ya kicheko, akautazama mlango wa chumba, akatikisa kichwa. "Na mtu huyo ndiye nimemtii mpaka leo," akasema.

Basi, wanangu mnaoingia kazi hii, mkipewa chumba, kilalieni. Mkiona kasoro msiikimbilie kuitukana, ulizeni kwanza. Bi Hadija hakuniambia hilo, huenda hakulijua. Nimelijua mimi baada ya kustaafu, nawapa bure.

Mchana tulikunja kanga zetu. Mama alishika viatu mkononi, akasema anataka sakafu iguse nyayo zake mpaka mwisho. Tukashuka ngazi kubwa, tukafika ukumbini penye vigae, kushoto ni njia ya jikoni, mbele yetu ule mlango wa nakshi uko wazi. Nikangoja aniulize. Hakuniuliza. Alikwenda mbele moja kwa moja, peku, kapu kichwani, nikamfuata, na mimi pia ilikuwa mara yangu ya kwanza.